Cheti cha Mhasibu ni Mali ya Nani?

Kila mwaka, mwezi wa Mei na mwezi wa Novemba, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambayo wengi huijua kwa herufi zake NBAA, hufanya mitihani yake. Watahiniwa hutoka kila upande wa nchi. Wamo makarani wa halmashauri, watunza fedha wa shule na wa hospitali, na vijana waliomaliza chuo wasipate kazi. Ashindaye ngazi zote, na kutimiza miaka mitatu ya mazoezi ya kazi, aweza kuandikishwa na kuongeza baada ya jina lake herufi tatu, CPA. Herufi hizo zina bei. Bei yake ni ada, vitabu, na usiku mwingi wa kukesha. Na katika jamaa nyingi bei yake ni pia mbuzi, mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa ya watu ambao wao wenyewe hawatafanya mtihani wo wote.

Twapenda leo kuuliza swali ambalo laonekana jepesi. Cheti hicho, kikiisha kupatikana, ni mali ya nani? Mwenye kufaulu atajibu upesi kwamba ni chake, maana jina lililoandikwa juu yake ni lake na kichwa kilichouma ni chake. Wazazi watasema ni cha jamaa nzima. Majibu yote mawili yana haki ndani yake. Walakini twadhani yuko mwenye mali wa tatu, ambaye aghalabu hatajwi siku ya kusherehekea, na ambaye madai yake ni makubwa kuliko ya hao wawili.

Ili maneno yetu yasielee hewani, tuchukue mahali pamoja. Bukiriro ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika wilaya ile inayopakana na Burundi na Rwanda. Ni nchi ya vilima, ya migomba, maharagwe na kahawa. Kijana wa huko anayetaka kuwa mhasibu yambidi atoke. Kama ameamua kufanyia mtihani wake Mwanza, atapanda basi kupitia Biharamulo na Geita, na kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwaka 2025 ilimlazimu kusubiri kivuko pia, akiwa na kitabu mapajani na wasiwasi moyoni. Mtihani wa Mei humkuta wakati ambapo msimu wa kahawa wa Kagera unaanza, yaani wakati nyumbani kwao mikono yatakiwa shambani. Basi huyo aliyeketi Mwanza akipiga hesabu za kodi ameketi pale kwa sababu kuna mtu mwingine kilimani anayechuma kahawa kwa niaba yake.

Maisha ya mtahiniwa kama huyo twaweza kuyakisia. Mchana ni karani. Jioni hula haraka, hulala kidogo, huamka saa tisa ya usiku na kusoma mpaka kuku wanapoanza kufanya fujo. Vitabu vyake ni vya Kiingereza, maana mtihani wenyewe ni wa Kiingereza. Mara ya kwanza hufaulu masomo mawili, hushindwa mawili. Mara ya pili hushindwa moja lile lile. Kijijini watu huuliza, "Yule wa kwenu bado yuko darasani?" Maneno hayo humchoma mama yake kuliko yanavyomchoma yeye.

Hapo ndipo jaribu huingia, nalo haliji kwa sura ya wizi. Huja kwa sauti ya busara, kwa kinywa cha rafiki aliyekwisha kufaulu: "Acha kujichosha na kuelewa. Chukua karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, kariri jinsi maswali yanavyojibiwa, nenda ukaandike. Ukishapata cheti utajifunza kazini." Hakuna sheria inayokatazwa hapa. Hakuna karatasi iliyoibwa, hakuna msimamizi aliyehongwa. Tena kuzipitia karatasi za zamani ni jambo jema, na kila mwalimu hulishauri. Je, kuna ubaya gani, basi, mtu akisoma ili afaulu tu?

Kabla ya kujibu, yafaa tukumbuke mitihani hii ilianza kwa sababu gani. Mwezi wa Februari mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na mara mabenki na makampuni makubwa yakawa mali ya umma. Fedha za wananchi wote zikawa mikononi mwa mashirika, na watu wenye ujuzi wa kuzisoma hesabu za mashirika hayo walikuwa haba mno; wengi wa wahasibu waliokuwako walikuwa wageni, wenye vyeti vya Uingereza. Mwaka 1968 likaundwa shirika la kukagua hesabu za mashirika ya umma. Mwaka 1972 ikatungwa sheria Na. 33 iliyoiunda Bodi, na mwaka huo huo sheria nyingine ikakiunda Chuo cha Usimamizi wa Fedha cha Dar es Salaam. Jirani zetu walipita njia iyo hiyo, kila mmoja kwa wakati wake: Kenya iliunda bodi yake ya mitihani ya wahasibu mwaka 1969, na Uganda ilipata taasisi yake ya wahasibu waliothibitishwa mwaka 1992.

Hata kabla ya Azimio hitaji lilikwisha kuonekana, tena katika vyama vya ushirika, vilivyo karibu zaidi na mkulima kuliko benki yo yote. Mwaka 1966 tume ya Rais ilichunguza vyama hivyo na bodi za mazao. Kati ya iliyoyaona ni kwamba wanachama wengi hawakujua habari za chama chao wenyewe, na kwamba watumishi wenye ujuzi walipungua sana. Mambo haya mawili yakikutana, yaani mwenye mali asiyejua na mtumishi asiyeweza, hata malaika akikabidhiwa sanduku la fedha hesabu zitaharibika.

Tazama, basi, cheti kilizaliwa wapi. Hakikuzaliwa kwa haja ya kijana kupata mshahara mnono, ijapokuwa mshahara ni halali yake. Kilizaliwa kwa sababu wako watu wengi, wenye mali yao ya jasho, ambao hawana njia ya kuhakiki hesabu wanazosomewa. Mtu akinunua jembe bovu, atalijua siku ya kwanza ya kulima. Akishonewa suruali mbaya, ataiona kwenye kioo. Lakini hesabu mbovu hupendeza macho sawasawa na hesabu njema. Zote mbili zina mistari iliyonyoka na jumla zilizopigiwa mstari mara mbili. Kwa hiyo taifa likasema: hatuwezi kumfundisha kila mkulima uhasibu, ila twaweza kumpa alama ya kumtambua mtu anayeujua. Alama hiyo ndiyo cheti. Huyo mkulima asiyeweza kuhakiki ndiye mwenye mali wa tatu tuliyemtaja.

Tumfanyie hesabu ndogo, ya kubuni, ili tuone jambo lenyewe. Chama cha msingi kina wanachama 400, na kila mmoja ameleta kilo 250 za kahawa. Jumla ni kilo 100,000. Katika makato ya kila kilo, shilingi 10 imeandikwa mara mbili, mara moja kwa jina la usafiri na mara ya pili kwa jina la gharama za ghala. Shilingi 1,000,000 imepotea. Lakini mtaje mtu mmoja aliyeumizwa! Kila mwanachama amepoteza shilingi 2,500 tu, kiasi ambacho hakuna atakayekwenda mahakamani kwa ajili yake, wala hakuna atakayekihisi, isipokuwa labda mjane mwenye gunia moja na nusu, na huyo hasikilizwi. Sasa mwizi na mtunza hesabu asiyejua kazi wote wawili waweza kuyafanya makato hayo. Kwa mkulima matokeo ni yale yale. Tena twathubutu kusema kwamba mjinga ni mgumu zaidi kumkamata, maana mwizi ajua alichochukua na huogopa, na mjinga hulala usingizi mwema.

Watu wa kazi hii wenyewe wameliona jambo hili na kuliandika. Kanuni za maadili za wahasibu, zinazofuatwa katika nchi nyingi za dunia, zina misingi mitano: uadilifu, kutopendelea upande, ujuzi wa kazi pamoja na uangalifu unaostahili, kutunza siri, na mwenendo usioaibisha kazi. Msomaji asiipite haraka ile ya tatu. Ujuzi umewekwa katika safu moja na uadilifu. Haukuwekwa katika kitabu cha mafundisho ya kazi pamoja na mambo ya uchakavu na ya kodi. Umewekwa katika kitabu cha maadili. Maana yake ni kwamba, kwa mtu aliyekubali jina la mhasibu, kutojua si bahati mbaya tu. Ni kosa la kimaadili, kama vile kusema uongo ni kosa, kwa kuwa jina lenyewe ni ahadi, na yeye ameshindwa kuitimiza tangu siku ya kuipokea.

Hapa twaweza kumjibu yule rafiki mwenye busara. Asemapo, "Utajifunza kazini," tumwulize: utajifunza juu ya mali ya nani? Fundi seremala ajifunzaye huharibu mbao, nazo mbao zina mwenyewe aliyekubali. Mwanachama wa ushirika hakuulizwa kama kahawa yake itumike kuwa ubao wa kujifunzia. Ni kweli kwamba hakuna mtu atokaye katika mtihani akiwa mkamilifu, na miaka mitatu ya mazoezi iliwekwa kwa sababu hiyo, mtu afanye kazi chini ya macho ya mwenye kuijua zaidi. Lakini aliyekariri bila kuelewa haanzi mazoezi mahali pamoja na mwenzake. Mwenzake akielezwa kosa lake huona kwa nini ni kosa. Yeye hukariri na lile kosa.

Wala tusidhani kwamba jaribu hili ni la maskini tu, au la Bukiriro tu. Mwezi wa Juni mwaka 2022 kampuni ya ukaguzi ya Ernst & Young, moja katika zile nne kubwa kabisa duniani, ilikubali kulipa faini ya dola milioni 100 kwa Tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa. Wakaguzi wake 49 walikuwa wamepata au kugawa majibu ya mtihani katika kipindi cha kuanzia mwaka 2017 hadi 2021, na wengine mamia walifanya udanganyifu katika masomo ya kujiendeleza. Na mtihani ule wa hao 49 ulikuwa wa somo gani? Ulikuwa wa maadili, ile sehemu ya maadili katika mitihani ya CPA ya kwao. Kampuni ilikiri pia kwamba ilipoulizwa na Tume iliuficha ukweli. Watu hao hawakukosa taa ya kusomea, wala hawakuwa na mama aliyeuza mbuzi. Walikuwa na shughuli nyingi, kila mmoja akamwona mwenzake akifanya, na mtihani ukaonekana kuwa kizuizi njiani cha kuruka tu. Twalitaja jambo hili ili kijana wetu asijihurumie kupita kiasi. Uchovu wake ni wa kweli, nao wastahili heshima. Ila uchovu haubadili kinachodaiwa na mwenye kahawa.

Sasa twafika penye jambo ambalo, kwa maoni yetu, halizungumzwi vya kutosha. Mtahiniwa hujuaje kwamba ameelewa? Alama haziwezi kumwambia yote. Twapendekeza kipimo kingine, ambacho Bodi haiwezi kukiweka katika karatasi: aweze kukieleza alichosoma kwa Kiswahili, na ikiwa watu wake ni Wahangaza, aweze kukieleza kwa Kihangaza pia, mbele ya mtu ambaye hakusoma.

Tujaribu. Msingi wa uhasibu wote ni kwamba kila fedha huandikwa mara mbili, pale ilikotoka na pale ilikokwenda. Bibi wa Bukiriro aweza kuuelewa msingi huo mara moja. Yeye ajua kwamba mkungu ulioingia jikoni umetoka shambani, na kwamba ukikosekana shambani na jikoni hamna, basi kuna mtu wa kuulizwa. Aliyeelewa atamwambia bibi hivyo. Aliyekariri atamwambia maneno ya Kiingereza, na bibi atanyamaza kwa adabu, akidhani kwamba ujinga ni wake. Mara nyingi siyo wake.

Mambo haya ni mazito kwa sababu sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 2013 yataka hesabu zikaguliwe na taarifa ifikishwe mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Tangu mwaka 1982 nchi iliunda hata shirika maalumu, COASCO, kwa ajili ya kukagua vyama hivyo. Lakini taarifa iliyosomwa kwa maneno yasiyoeleweka imesomwa kweli? Mwanachama ameketi, amesikia sauti, amepiga makofi, amekwenda zake. Sheria imetimizwa na haki haikutimizwa.

Lipo hata neno moja ambalo sote hulisikia redioni kila mwaka, nalo hueleweka vibaya. Mkaguzi Mkuu wa Serikali akitoa taarifa yake, husemwa kwamba halmashauri fulani imepata hati safi, na watu hufurahi kana kwamba wameambiwa hapakuibwa kitu. La hasha. Hati hiyo yasema kwamba hesabu, katika mambo yake makubwa, zaonyesha kwa haki hali ilivyo. Haisemi kwamba fedha zilitumika kwa hekima, wala kwamba barabara iliyolipiwa ni nzuri. Halmashauri yaweza kununua kitu kisichofaa, ikaandika kwa uaminifu kwamba imekinunua, ikapata hati safi. Mhasibu mwenye kuelewa angelieleza jambo hili kwa jirani zake kwa dakika tano. Wangapi hufanya hivyo?

Katika habari hii ya lugha twamkumbuka Mfransisko mmoja wa Italia, Luca Pacioli, ambaye kitabu chake cha hesabu kilichapwa mjini Venice mwaka 1494. Hakuwa yeye aliyevumbua desturi ya kuandika kila fedha mara mbili; wafanyabiashara wa huko walikwisha kuitumia. Kazi yake ilikuwa kuieleza katika kitabu kilichopigwa chapa, na aliieleza kwa Kiitalia, lugha ya sokoni, wakati ambapo wasomi wa siku zake waliandika kwa Kilatini. Ndani ya mafundisho yake alilaumu pia desturi mbaya ya wafanyabiashara waliokuwa na daftari mbili, moja ya kumwonyesha mnunuzi na nyingine ya kumwonyesha muuzaji, kisha wakaapa juu ya zote mbili. Zaidi ya miaka 500 imepita, na daftari mbili zinaishi bado. Hata vijijini kwetu zimo, moja ya mkutano mkuu na moja ya kamati. Mtu aliyeifundisha kazi hii katika kitabu kilichopigwa chapa alijua kwamba hawezi kufundisha jinsi ya kuandika bila kusema jinsi ya kutodanganya.

Twageuka kwa wazazi, maana gazeti hili husomwa nyumbani. Yako mambo mawili.

La kwanza ni swali tunalomwuliza kijana arudipo. Aghalabu huwa ni moja: "Umefaulu?" Swali hilo ni la haki, kwani aliyetoa mbuzi ana haki ya kuuliza habari za mbuzi wake. Lakini likiwa ndilo swali la pekee, twamfundisha kwamba twataka karatasi. Baba akisema, "Mwanangu, hebu nieleze ulichosoma mwezi huu," hata kama hataelewa nusu yake, amefanya kazi ambayo mwalimu wa chuo hawezi kuifanya. Na kijana akishindwa kueleza, wote wawili wamepata kujua jambo kabla halijawa hatari. Kufeli kwa kijana asiyeelewa bado kwaweza kuwa heri kwa watu 400 ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa. Ni neno gumu kumwambia mama aliyesubiri, nasi hatulisemi kwa furaha.

La pili ni gumu zaidi, na watu wema hutofautiana juu yake. Jamaa ilipe mara ngapi? Mtihani umeshindwa mara mbili, mara tatu; kijana ana umri wa miaka 29; na nyumbani kuna binti wa kidato cha pili. Ada imeondolewa katika shule za serikali, lakini sare, daftari, chakula na nauli hazikuondolewa. Mara nyingi tumeona jamaa zikiendelea kulipia yule mkubwa kwa hoja kwamba amekwisha kukaribia, na kwamba akifaulu atawasomesha wadogo wote. Hoja hiyo ina nguvu, tena mara nyingine imekuwa kweli. Hata hivyo kwa maoni yetu binti atangulie. Mtihani wa Bodi hurudi baada ya miezi sita, na mtu mzima mwenye kazi, hata kazi ndogo, aweza kujiwekea akiba na kungoja Novemba. Binti aliyekaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa sare hurudi shuleni kwa shida, na wengi hawarudi. Mkubwa akisema kwamba kungoja ni kumwonea, na aonyeshwe hesabu.

Na hesabu hiyo ingefaa aitunze yeye mwenyewe. Twashauri kila mtahiniwa anayesomeshwa na jamaa awe na daftari moja nyembamba. Upande mmoja aandike kilichotoka nyumbani, yaani mbuzi, kilo za kahawa, siku ambazo mdogo wake alipalilia sehemu ya shamba iliyokuwa zamu yake, nauli aliyopewa na shangazi. Upande wa pili aandike kilikwenda wapi, yaani ada ya mtihani, kitabu, chumba, chakula, na yale mengine pia, yale ambayo mtu hapendi kuyaandika. Wazee wengine watachukizwa wakisikia hili. Watauliza, tangu lini mtoto akamwandikia mzazi deni, kana kwamba baba ni duka? Nasi twakubali kwamba mzazi hadai, na kwamba palizi ya mdogo haina bei ya soko. Daftari si ya kulipa. Ni ya kujua. Kijana asiyeweza kuandika kwa ukweli shilingi alizopewa na mama yake, pamoja na soda na salio la simu, aandikeje shilingi za watu asiowajua?

Tena daftari hiyo itamsaidia siku moja ambayo hakika itafika. Atakuwa amefaulu, amerudi kwa likizo, na mjomba wake ambaye ni mwenyekiti wa chama cha msingi atamjia jioni kabla ya mkutano mkuu, na vitabu vya chama kwapani. Atasema, "Mjomba, wewe sasa ni msomi wetu. Pitia haraka, uweke sahihi yako, watu watulie." Kumkatalia mjomba ni jambo zito katika nchi yetu, wala haipasi kumkatalia kwa ukali. Aliyekariri hana la kusema, kwa kuwa hajui ni kitu gani hakuonyeshwa. Aliyeelewa ataona mara moja kwamba stakabadhi za mzani hazimo, kwamba taarifa ya benki haimo, kwamba magunia yaliyobaki ghalani yameandikwa wala hayakuhesabiwa mbele yake. Na kwamba yeye ni ndugu wa mwenyekiti, jambo ambalo peke yake latosha kumzuia asiwe mkaguzi wa chama kile. Atamwambia mjomba wake kwa heshima kwamba sahihi hataweka, illa kama mjomba apenda, kesho mapema waende pamoja ghalani wakahesabu magunia, ili mwenyekiti awe na la kuwajibu wanachama kwa Kihangaza watakapomwuliza.